Mashine ya Mtoni Haikatwi

Mtaani walimwita Mama Koleo, naye hakukataa. Koleo lake lilikaa kiunoni asubuhi hadi jioni. Akienda msibani, alikwenda nalo. Akienda harusini, alilifunika kwa kitambaa kizuri, lakini alikwenda nalo. "Bomba halichagui siku ya kuvuja," alisema.

Alikuwa fundi wa bomba, na alikuwa mkaidi. Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake la kunyolea lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na tabia mbaya. Upepo ukitoka mtoni, mlango ulijibamiza, na wateja waliokuwa chini ya wembe waliruka.

"Wewe fundi mzima," kinyozi alimwambia mkewe, "mlango wa mumeo unakushinda?"

"Mimi fundi wa maji, si wa upepo."

Nyuma, jikoni, alikaa Shangazi. Baba yake Mama Koleo alifariki binti akiwa hajaota hata meno ya utu uzima. Shangazi, dada wa marehemu, ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa amezeeka, lakini ulimi wake haukuzeeka hata kidogo.

Mwisho wa mtaa, ukingoni mwa mto, ilisimama nyumba ya mashine. Ilikuwa ya matofali, na bati lake lilijaa kutu. Ndani mlikuwa na mashine kubwa ya mvuke. Zamani mashine hiyo ilivuta maji mtoni na kuyasukuma mjini. Kabla yake, watu walibeba maji kichwani. Baadaye zilikuja pampu za umeme, na mashine ya mvuke ikazimwa. Haikuondolewa, wala hakuna aliyeitunza.

Baba yake Mama Koleo alifanya kazi humo. Alitia makaa kwenye tanuru na kupaka grisi. Hakuacha shamba, hakuacha nyumba, hakuacha hata picha. Kila Mama Koleo alipopita pale na mabomba begani, aligusa ukuta kwa kiganja. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa baba.

Siku moja alikuta mlango wa nyumba ya mashine uko wazi. Ndani alikuwamo mnunuzi wa vyuma chakavu. Watu walimwita Bwana Mizani, kwa sababu hakutembea bila mizani yake. Alikuwa anachora mistari ya chaki kwenye mashine, kama muuza nyama anayepima mapaja ya ng'ombe.

"Unafanya nini humu?" Mama Koleo aliuliza.

"Naweka alama za kukatia, mama. Mashine nimeuziwa na mji. Mwisho wa mwezi naikata, na hapa patakuwa maegesho ya magari."

"Nani kaamua?"

"Wenye kuamua."

"Mimi je?"

Bwana Mizani alicheka bila ubaya. "Mama, hiki ni chuma tu."

Mama Koleo alirudi nyumbani akitembea kwa kishindo. Usiku huo hakugusa chakula.

"Haikatwi," alimwambia mumewe.

"Utaizuia na nini? Na koleo?"

"Na watu."

Alfajiri alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani, "Mashine ile ilitunywesha maji. Leo wanataka kuichinja. Twendeni tukaifungue, kila mtu achukue kiungo kimoja akakifiche. Mnunuzi akija akute mifupa mitupu!"

Wazo hilo lilipendwa. Majirani waliingia na spana na nyundo. Mshona viatu alibeba filimbi ya mvuke. Muuza mkaa aliondoka na gurudumu la kufungia mvuke. Wengine walibeba nati na boliti mifukoni. Hakuna aliyeuliza kipi kimetoka wapi. Furaha ilikuwa kubwa.

Mama Koleo alichagua geji, kile kipimo cha nguvu ya mvuke. Ilikuwa ya shaba, duara kama sahani, yenye kioo na mshale. Aliibeba nyumbani kama mtoto mchanga. Kisha akaanza kuisugua kwa mchanga, jivu na ndimu. Juu ya kioo palikuwa na uchafu mwekundu ulioganda. Aliukwangua kwa ncha ya koleo mpaka ukaisha. Jioni geji iling'aa, na jina la kiwanda cha ng'ambo likasomeka vizuri.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Hii ndiyo yenye thamani."

Kulikuwa na kitu kingine alichokifungua ndani ya nyumba ya mashine, kando ya shimo la maji. Kilikuwa gurudumu la meno, zito, la kutu, na meno yake hayakulingana. Alilitupa uani. Kinyozi alilitazama akatabasamu.

"Hili baya nipe mimi. Litanishikia mlango."

Tangu siku hiyo mlango wa kinyozi haukujibamiza tena.

Mama Koleo alikwenda ofisi ya mji. Afisa wa ardhi alimkaribisha kiti. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa sana.

"Nimekuja kukwambia," Mama Koleo alisema, "mashine haiuziki tena. Tumeinyofoa viungo."

Afisa alishusha kalamu. "Mama, chuma chakavu huuzwa kwa uzito. Mmempunguzia mnunuzi kazi ya kufungua nati, basi."

Mama Koleo alishika koleo lake kiunoni.

"Tena mmejiharibia," afisa aliendelea. "Watu wa makumbusho waliwahi kutuomba tuwaachie. Wangeomba tena ningefikiri. Sasa nitawaachia nini? Gamba? Na nikwambie ukweli, hata ikiwa nzima, ile si yetu. Ililetwa na meli, ndani ya masanduku. Sisi tulikuwa watumiaji tu. Hatukuvumbua kitu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko mengine yote.

"Nani kakwambia hatukuvumbua kitu?"

"Basi nioneshe."

"Nitakuonesha!"

Alitoka kichwa juu. Alipofika barabarani ndipo alipojiuliza: nitamwonesha nini? Aliona aibu na hasira kwa pamoja.

Jikoni alimsimulia Shangazi. Shangazi alikuwa anasugua sufuria. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa kwa Shangazi.

Kesho yake Mama Koleo alipanda gari kwenda upande wa pili wa mji. Huko kulikuwa na nyumba ya simu ya zamani, iliyogeuzwa makumbusho. Alitaka kuona watu hao wana nini ambacho mtaa wake hauna.

Aliingia ukumbini. Ukutani yalisimama makabati marefu ya mbao, yenye matundu mengi na nyaya. Mbele yake vilipangwa viti. Zamani mtu akitaka kupiga simu, alimpata kwanza mwanamke aliyekaa hapo. Yule mwanamke alichomeka waya kwenye tundu, na watu wawili wakazungumza.

Mhifadhi wa nyumba hiyo alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mgongo ulioinama kidogo na adabu nyingi.

"Karibu, mama. Tazama kwa nafasi yako."

Mama Koleo alitazama, kisha akakunja uso. "Mbona viti vimechakaa hivi? Hamna hata kopo la rangi?"

"Ipo. Lakini ona mkono wa kiti hiki. Umeliwa. Walioula ni wanawake waliokaa hapa miaka na miaka, kwa viwiko vyao. Nikipaka rangi, nitawafuta."

Mama Koleo alikigusa kiti kwa kidole.

"Na ona hapa," Mhifadhi aliendelea. Kwenye tundu moja palikuwa na uzi mwekundu uliofifia. "Hii ilikuwa laini ya hospitali. Ajali ikitokea, mkono ulipapasa matundu yote haya, na mgonjwa anasubiri. Siku moja mmoja wao alichoka. Akafunga uzi. Kiwanda hakikuleta uzi huu."

"Uzi nao ni uvumbuzi?"

"Ndivyo uvumbuzi unavyoanza, mama. Mtu anapata kero. Wenzake wameizoea. Yeye anakataa kuizoea. Mimi huuita ukaidi wenye akili."

"Basi kwetu wakaidi tuko wengi," Mama Koleo alisema. "Ila wenye akili sina hakika."

Mhifadhi alicheka. Kisha Mama Koleo akamweleza habari za mashine ya mtoni, chaki ya Bwana Mizani, na jinsi walivyobeba viungo. Alitarajia sifa. Mhifadhi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Mlipiga picha kabla ya kufungua?"

"Hapana."

"Mliandika kipi kimetoka wapi?"

"Nani angekaa kuandika?"

"Mlisugua?"

"Mimi nilisugua mpaka nikajiona uso," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mhifadhi hakumgombeza. Alimwambia polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake njia. "Mashine ya zamani ni kama shahidi. Ukimtoa mahali pake, ukimtenganisha viungo, ukimwosha alama zote za mwilini, hawezi tena kusema aliona nini. Kutu inayodondoka hufutwa kwa kitambaa kikavu. Kisha mafuta mepesi, kidogo tu. Mchanga, jivu na msasa, hapana. Alama usiyoielewa, iache mpaka umpate anayeielewa. Na kabla ya kugusa nati yoyote, piga picha."

"Tumekwisha haribu, basi?"

"Sijui bado. Nipeleke nikaone."

Walifika kwa Mama Koleo mchana. Mama Koleo alitangulia kumweleza Shangazi habari za viti, kisha Mhifadhi akamsalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa viti vilivyoliwa?"

"Ndiye mimi."

Mama Koleo alileta geji, ikimeremeta. Shangazi aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Alipapasa kioo kwa kidole.

"Mstari uko wapi?"

"Mstari gani, Shangazi?"

"Mstari mwekundu! Hapa, juu ya kioo! Kaka yangu hakujua kusoma namba. Alichora mstari kwa rangi ya mlango. Mshale ukifika hapo, anajua mvuke umezidi, anapunguza moto. Mstari huo uliwalinda watu wote wa mtaa huu. Uko wapi?"

Mama Koleo alikumbuka uchafu mwekundu na ncha ya koleo. Alikaa chini kwenye sakafu. Mkono wa baba yake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, na yeye ndiye aliyeukwangua. Alilia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.

Shangazi alimwacha alie. Kisha akamwekea mkono begani. "Hasira hasara, mwanangu. Lakini yeye pia alikuwa hivyohivyo."

"Nitauchora tena," Mama Koleo alisema akifuta machozi. "Rangi ninayo."

"Usiuchore," Mhifadhi alisema. "Utakuwa mstari wako, si wake. Tutaandika kwenye kadi: hapa palikuwa na mstari, uliochorwa na fulani kwa sababu hii, ukafutwa kwa makosa. Ukweli huo nao una faida. Mwingine atausoma na hatakwangua cha kwao."

Kazi ilianza. Mama Koleo alirudi nyumba kwa nyumba, safari hii akiomba virudi. Wengine walirudisha mara moja. Muuza mkaa alikuwa akitumia gurudumu lake kubania gunia. Mshona viatu alikuwa ameahidi filimbi kwa mjukuu, na mjukuu alilia kwelikweli. Kila kilichorudi kilipigwa picha kwa simu na kufungiwa kadi. Kilirudishwa mahali pake kwa kufuata alama za boliti na mahali ambapo rangi ya zamani haikuguswa na jua. Boliti tatu hazikupata mwenyewe wala tundu. Ziliwekwa kwenye kopo na kuandikwa: "Hatujui."

Kando ya shimo la maji Mhifadhi alisimama, akachungulia. Shimoni mlikuwa na pipa la chuma lenye matundu madogo. Hilo lilikuwa chujio, la kuzuia majani na takataka za mto zisiingie kwenye mashine. Ubavuni mwa pipa palitokeza chuma kifupi cha mviringo, na kando yake kibao kilichooza.

"Ajabu," alisema. "Mashine za namna hii nimeziona kwingine. Chujio lao limefungwa, halizunguki. Hili linazunguka. Hiki kimeongezwa na mtu. Hapa palikuwa na gurudumu. Mmelipeleka wapi?"

Mama Koleo aliangusha kitambaa alichoshika. Kisha alikimbia.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Mkewe aliingia kama kimbunga, akaokota gurudumu la meno mlangoni, akatoka. Mlango ulijibamiza. Mteja aliruka. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa, na nusu nyingine ilibidi isubiri, kwa sababu kinyozi naye alitimua mbio kumfuata mkewe.

Gurudumu liliingia kwenye kile chuma na kukaa sawasawa. Mama Koleo alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye meno yake, moja baada ya jingine.

"Kiwandani meno hukatwa sawa," alisema polepole. "Haya hayakukatwa na mashine. Haya yamekatwa na tupa. Mtu alikaa akayasugua kwa mkono."

"Ni kaka," Shangazi alisema nyuma yao. Alikuwa amekuja taratibu, ameshikilia ukuta. "Na chanzo chake ni sufuria yangu."

Walimletea ndoo, akaikalia ikiwa imegeuzwa.

"Wakati wa mvua mto ulileta tope na majani. Chujio likaziba. Walizima mashine, na watu wakaingia shimoni kulisugua kwa mikono. Mji ukakaa bila maji. Siku moja maji yalimvuta mmoja wao. Hakutoka hai. Kaka alirudi nyumbani, hakula, hakusema. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Nilikuwa nasugua sufuria yenye ukoko, na mkono umechoka. Nikabana brashi katikati ya magoti, nikawa nazungusha sufuria yenyewe. Kaka akanitazama. Akasema, 'Rudia.' Nikarudia. Akasema, 'Rudia tena.' Nikamwambia, 'Una wazimu? Sufuria imeshatakata.'"

Shangazi alicheka peke yake, kisha akajifuta macho.

"Brashi ikae, sufuria izunguke. Alichukua mnyororo wa baiskeli. Akatengeneza gurudumu hilo. Akafunga brashi kwenye kibao. Mashine ikifanya kazi, inazungusha chujio lenyewe, na brashi inalisugua. Mkubwa wao alimkataza. Alimwambia, 'Kazi yako ni makaa.' Mkubwa aliposafiri, kaka na wenzake walifunga. Mvua iliyofuata mashine haikuzimwa. Na hakuna aliyeingia tena shimoni."

"Shangazi!" Mama Koleo alisema. "Miaka yote hii! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mliniuliza chumvi iko wapi, kiberiti kiko wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Mama Koleo aliruka juu. "Kumbe baba alivumbua pampu! Nitampasulia yule afisa!"

"Hapana," Mhifadhi alisema, na adabu yake yote haikumfanya alegee. "Hakuvumbua pampu. Tukisema hivyo, watacheka, na watakuwa na haki. Tuseme alichokifanya, bila kuongeza chumvi. Na tutafute shahidi mwingine. Nani bado yuko hai?"

Alikuwako mzee mmoja aliyefanya kazi pamoja na marehemu. Mhifadhi alikwenda kwake bila Shangazi, ili kila mmoja aseme lake. Alirekodi sauti yake kwa simu. Mzee alikumbuka aliyekufa shimoni. Alikumbuka pia kisa cha sufuria, kwa sababu marehemu aliwasimulia kila siku mpaka wakachoka. Lakini juu ya gurudumu alikuja juu: "Nusu ya meno hayo nilikata mimi!"

"Mwongo mkubwa," Shangazi alisema alipoambiwa.

"Tutaandika kauli zote mbili," Mhifadhi alisema. Na ziliandikwa.

Mtaa ulipeleka ombi mjini ili ukataji usimamishwe. Jibu halikuja. Ulikuja mwisho wa mwezi, na Bwana Mizani naye akaja na mtungi wake wa gesi ya kukatia chuma.

Alimkuta Mama Koleo amesimama mlangoni, koleo mkononi. Nyuma yake alisimama kinyozi, akiwa bado na taulo begani. Nyuma ya kinyozi ulisimama mtaa mzima, na yule mteja wa nusu kichwa, ambaye sasa alikuwa amemaliziwa.

"Mama, nimeshalipia," Bwana Mizani alisema.

"Watakurudishia. Haikatwi."

"Nina karatasi ya mji."

"Mwite aliyeisaini. Aliniambia nimwoneshe. Leo namwonesha."

Afisa alikuja na viatu vyake. Uso wake ulikuwa umekasirika. "Mama, mnazuia kazi halali."

"Simama hapa, bwana mkubwa. Tazama, halafu useme. Ukisema ni chuma tu, nitaondoka mlangoni mwenyewe."

Kinyozi alimtazama mkewe kwa hofu. Mama Koleo alikuwa ameshasema; akamwongoza afisa hadi kwenye shimo la maji.

Kibao kipya na brashi mpya vilikuwa vimefungwa, pamoja na mpini wa kuzungushia kwa mkono, na kadi ilisema wazi kwamba ni vipya. Gurudumu lilikuwa lilelile. Mama Koleo alimwaga ndoo ya tope na majani juu ya pipa. Matundu yakaziba yote. Tope liliruka, na viatu vya afisa havikusalimika.

"Hivi ndivyo ilivyoletwa kwenye masanduku," Mama Koleo alisema. "Inaziba. Mji unakaa na kiu. Mtu anakufa shimoni. Sasa ona."

Alishika mpini na kuzungusha. Gurudumu lililia, likakubali. Pipa likageuka, brashi ikasugua, majani yakaanguka upande. Akamwaga ndoo nyingine, ya maji. Yalipita kwenye matundu bila shida.

"Hii ilifanywa hapa," alisema. "Na watu waliokatazwa kuifanya. Nioneshe sanduku ambamo hii ililetwa!"

Afisa alisogea karibu. Aliinama, akapitisha kidole kwenye meno ya gurudumu, kama Mama Koleo alivyofanya. Alisoma kadi. Alisoma ile ya mstari mwekundu, akamtazama Mama Koleo. Alisoma hata ile iliyosema "Hatujui."

"Sikujua," alisema mwishowe.

"Nasi hatukujua. Sasa tunajua."

Afisa alimgeukia Bwana Mizani. "Kazi isimame. Fedha zako utarudishiwa. Jambo hili linarudi kwenye kikao."

Mtaa ulipiga vigelegele. Bwana Mizani alikuwa mtu mzuri kwa tabia, akachukua kitambaa aanze kufuta mistari yake ya chaki.

"Usifute!" Mhifadhi alipaza sauti. "Acha mmoja. Nao ni historia."

Kikao kilikaa, na mji ulikubali. Maegesho yalipelekwa kwingine. Nyumba ya mashine iliezekwa bati jipya, lakini kuta na mashine havikupakwa rangi. Watu walikuja kutazama, kwanza wachache, kisha shule nzima. Fundi mmoja kijana aliona chujio lile, akaenda kutengeneza la namna hiyo kwa mfereji wa shamba lao. Kinyozi alipata wateja wengi zaidi, ingawa mlango wake ulianza tena kujibamiza. Mkewe alimnunulia jiwe.

Siku ya kuweka kibao cha ukumbusho, afisa alileta maneno yaliyokwisha chongwa. Palikuwa na jina la kiwanda. Palikuwa na jina la baba yake Mama Koleo, la mwenzake mzee, na la yule aliyefia shimoni. Mama Koleo alisoma, akaridhika. Shangazi aliomba asomewe kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na sufuria je?" aliuliza.

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nimesema, na sufuria je? Kitu kikishafanikiwa, mnaandika wa mwisho. Wa mwanzo mnamwacha jikoni. Kirudisheni."

Afisa alijikuna kichwa. Kibao kilirudishwa kwa mchongaji.

Sasa kila Jumamosi Shangazi hukaa kwenye kiti kando ya chujio, sufuria yake miguuni. Juzi msichana mmoja wa shule alitazama mashine kubwa, tanuru, mabomba na dohani ya kutolea moshi. Alisoma kibao polepole, akifuata kwa kidole. Kisha akauliza, "Bibi, yote haya yalianzia wapi?"

"Haya mengine waulize walioyaleta na meli," Shangazi alisema. "Lakini hili linalozunguka lilianzia kwenye ukoko."

Msichana alifikiri kidogo. "Hata nyumbani nasugua ukoko kila siku. Nauchukia."

"Vizuri," Shangazi alisema, akamsogezea mpini. "Uchukie hivyohivyo. Haya, zungusha."